Walawi 13 na 14: aya 2 za kutolewa nje tunazijua, aya 32 za kurudishwa hatuzisomi

Bandiko la 1. Mwanafunzi wa Torati

Habari za jioni wakuu. Uzi ni mrefu, naomba mnivumilie.

Naanza na shangazi yangu, maana yeye ndiye aliyenifanya nikae na sura hizi mbili kwa miezi mitatu. Shangazi ana mbalanga, yale mabaka meupe ya ngozi. Ilianza kama vidoa viwili chini ya sikio, leo imeshika shingo na mikono yote miwili. Ameimba sauti ya pili kwaya ya kanisani kwetu tangu mimi niko darasa la tatu. Mwaka juzi kiongozi mmoja alisimama siku ya mazoezi akasoma Walawi 13, akaishia pale mtu anapofunika mdomo na kulia "Ni najisi, ni najisi". Hakutaja jina la mtu. Wiki iliyofuata joho la shangazi likawa linatundikwa msumari wake peke yake, mbali na mengine. Hakuna aliyemfukuza. Aliacha kwenda mwenyewe.

Sasa twende kwenye andiko.

Walawi 13 ina aya 59 na 14 ina aya 57. Ni moja ya sehemu ndefu kabisa za sheria katika Torati juu ya jambo moja. Ukizihesabu, aya zinazosema mgonjwa aishi vipi akiwa nje ya marago, yaani kambi ya Waisraeli, ni 2 tu: 13:45 na 46. Aya za namna ya kumrudisha ni 32, yaani 14:1 hadi 32. Sisi tunahubiri zile mbili.

Neno la Kiebrania ni *tsaraati*. Siyo ukoma huu tunaoujua wa kula vidole. Ukisoma dalili zake utaona mwenyewe: kivimbe, kikoko, kipaku king'aacho, nywele za pale kugeuka nyeupe, baka kwenda chini kuliko ngozi, kuenea au kutoenea ndani ya siku 7. Ukoma wa hospitali hauonyeshi mabadiliko kwa siku 7. Vijidudu vyake, alivyovigundua daktari Gerhard Armauer Hansen huko Bergen, Norway, mwaka 1873, hukaa mwilini miaka kabla baka la kwanza halijatokea. Haugeuzi nywele kuwa nyeupe, wala haushiki nguo na ukuta, na tsaraati ya Walawi inashika vyote viwili: nguo za sufu, kitani na ngozi (13:47-59), na nyumba (14:33-53).

Mkanganyiko ulianzia mbali. Walipotafsiri Torati kwa Kigiriki waliweka *lepra*, neno la ngozi yenye magamba na kubanduka. Ukoma wenyewe madaktari wa Kigiriki waliuita jina jingine kabisa, *elefantiasi*. Karne zikapita, lepra ikaja kubeba maana ya ukoma, na tafsiri zetu zikafuata njia hiyo hiyo. Ndiyo maana Mswahili akifungua Walawi anakutana na ukoma, na akili yake inaruka moja kwa moja kwa mtu anayemjua kijijini.

Angalia pia kazi ya kuhani. Anatazama. Akiwa na shaka, hamhukumu mtu, anamtenga siku 7. Anatazama tena. Shaka ikibaki, siku 7 nyingine. Hakuna dawa anayotoa, hakuna kumwombea kwa kelele, hakuna kumuuliza umefanya nini. Nimeisoma sura ya 13 na kalamu mkononi nikitafuta dhambi ya huyu mtu imetajwa wapi. Haijatajwa.

Mishna, mkusanyo wa sheria za mapokeo ya Wayahudi uliokusanywa kama mwaka 200 baada ya Kristo, ina kitabu kizima cha jambo hili, Negaimu, chenye sura 14. Wanasema kuhani asitazame asubuhi mapema wala jioni, wala siku ya mawingu, kwa kuwa mwanga hafifu unadanganya. Wanajadili hata rangi ya mtu: kipaku kinachong'aa kikikaa kwa Mjerumani mweupe kitaonekana kimefifia, na kilichofifia kikikaa kwa Mkushi kitaonekana kinang'aa, hivyo lazima upime kwa kiasi cha kati. Bwana arusi akitokewa na baka anaachiwa siku 7 za sherehe yake kwanza, ndipo aje kutazamwa. Na mtu anaweza kutazama mapigo yote, isipokuwa ya mwilini mwake mwenyewe.

Hao ni watu waliokuwa wanaogopa kumwonea mtu.

Kesho nitaweka sehemu ya ndege wawili. Karibuni.

Bandiko la 2. Zamu ya Usiku

Mkuu umeandika vizuri ila nadhani unazunguka sana. Hii ilikuwa karantini tu. Watu wako jangwani, maji shida, hawana hospitali. Mungu akawapa sheria ya afya ili ugonjwa usienee kambini. Mambo ya kiroho watu wameyaongeza baadaye.

Bandiko la 3. Mwanafunzi wa Torati

Zamu ya Usiku, hata mimi niliamini hivyo miaka mingi. Kilichonitoa huko ni mambo matatu.

La kwanza, 13:12-13. Ugonjwa ukimfunika mtu kutoka kichwani hadi miguuni, akawa mweupe mwili mzima, kuhani atasema ni safi. Ingekuwa karantini, huyo ndiye wa kwanza kutolewa nje. Nyama mbichi ikionekana tena, anakuwa najisi.

La pili, 14:36. Nyumba ikishukiwa, kuhani anaamuru vyombo vyote vitolewe *kabla* hajaingia, ili visihesabiwe najisi. Yaani mpaka kuhani atamke, sufuria na mikeka ni safi, inabebwa kwenda kwa jirani. Mtu wa afya angefunga mlango akataka visitoke.

La tatu, Naamani. 2 Wafalme 5 inamtaja kama jemadari wa Shamu mwenye tsaraati, mtu mkubwa mbele ya bwana wake, na mfalme anauegemea mkono wake hekaluni. Huko kwao hakuna aliyemtenga. Na Mishna inasema wazi kwamba mtu wa mataifa hapati unajisi wa mapigo haya. Kijidudu hakichagui kabila.

Sasa rudi 13:45: nguo zilizoraruliwa, nywele za kichwa zikiachwa wazi, mdomo wa juu kufunikwa. Hizo ni alama za msiba. Ezekieli 24:17, alipokatazwa kumlilia mkewe, aliambiwa asifunike midomo yake. Kwa hiyo mtu huyu anakaa matanga, na marehemu ni yeye mwenyewe. Ndivyo Haruni alivyomlilia Miriamu, dada yake aliyepigwa tsaraati, katika Hesabu 12:12: asiwe kama mtu aliyekufa. Mwanazuoni Jacob Milgrom, aliyeandika ufafanuzi mkubwa wa Walawi, anaona unajisi wote wa kitabu hiki hapo: ngozi inayobanduka inafanana na maiti, na Mungu wa Israeli ni Mungu wa uhai, hivyo mauti na hema ya kukutania havikai pamoja.

Bandiko la 4. Ustadhi wa Chumbageni

Assalaam alaykum na shikamooni wakubwa. Mimi ni Muislamu lakini nimefuatilia kwa makini.

Naongeza kwenye maneno. Kiarabu kinatenganisha. Ukoma wa viungo ni judhamu, na Kiswahili cha zamani tulisema jedhamu. Mabaka meupe ni barasi. Katika Qur'ani, Nabii Isa anaponya *al-abras* (Aali Imran 49 na Al-Maida 110), yaani mwenye barasi. Na mkono wa Nabii Musa unapotoka mweupe, Qur'ani inasema mara kadhaa "bila ya ubaya" (kwa mfano Ta Ha 22), na wafasiri wanaeleza kwamba maana yake si barasi wala maradhi.

Mwambie shangazi namsalimu.

Bandiko la 5. Mwanafunzi wa Torati

Waalaykum salaam Ustadhi, salamu zitafika. Hiyo ya mkono wa Musa inanikumbusha Kutoka 4:6-7, ila huko mkono unatoka wenye tsaraati, mweupe kama theluji, kisha unarudi kama mwili wake. Na kuna neno jingine la kindugu na Kiarabu, nitalifikia.

Sehemu ya ndege sasa.

Walawi 14:3 inasema kuhani *atatoka* nje ya marago. Nilipita juu ya kitenzi hicho mara nyingi bila kukiona. Mgonjwa haruhusiwi kuingia, basi kuhani anamfuata. Akimkuta amepona, anaamuru ndege wawili hai walio safi, mti wa mwerezi, sufu nyekundu na hisopo, kimmea kidogo. Ndege mmoja anachinjwa juu ya chungu cha udongo chenye maji ya kijito, ambayo Kiebrania kinayaita maji yaliyo hai. Yule wa pili anachovywa katika damu ile pamoja na mwerezi na hisopo, mtu ananyunyiziwa mara 7, kisha ndege aliye hai anaachiliwa aende zake uwandani.

Fikiria mtu aliyesimama hapo. Amekaa nje miezi, pengine miaka. Damu na maji vimemrukia usoni. Na anamwona yule ndege, manyoya yamelowa wekundu, anaruka kwa uzito hatua chache, anajikung'uta, anakwenda. Hakuna aliyemweleza maana yake. Hahitaji.

Mwerezi, hisopo na sufu nyekundu vinatokea pamoja pia katika Hesabu 19:6, vinapotupwa katika moto wa ng'ombe mwekundu, ambaye majivu yake humtakasa aliyegusa maiti. Ni vitu vile vile, kwa sababu kesi ni ile ile: mtu anatolewa upande wa wafu. Rashi, mfafanuzi wa Kiyahudi wa Ufaransa wa karne ya 11, alisoma vingine. Alisema mwerezi ni mrefu, basi ni kiburi, na dawa yake ni kujishusha kama hisopo. Ni fundisho zuri, lakini mimi nabaki na Hesabu 19.

Kisha mtu yule aliyepona ananyoa nywele zote, anafua, anaoga, anaingia maragoni. Lakini siku 7 anakaa nje ya hema yake. Yuko karibu, anasikia sauti za watoto wake, hajaingia. Siku ya 7 ananyoa tena, ndevu na nyusi pia. Amekuwa kama mtoto mchanga.

Siku ya 8 ndiyo iliyonishangaza zaidi. Kuhani anachukua damu ya sadaka ya hatia na kuitia katika ncha ya sikio la kuume, kidole gumba cha mkono wa kuume, na kidole kikubwa cha mguu wa kuume. Juu ya damu anatia mafuta, mahali pale pale, na yanayobaki anayamimina kichwani pake. Nikajiuliza, hii nimeiona wapi? Walawi 8:23-24. Haruni na wanawe, siku ya kuwekwa wakfu. Sikio, gumba, mguu.

Yaani mtu aliyekuwa analia "najisi" anarudishwa kwa alama za kuhani. Siyo kwa mlango wa uani.

Na maskini hakuachwa. Mwenye uwezo analeta wana-kondoo watatu na sehemu tatu za kumi za efa (kipimo cha nafaka) ya unga mzuri. Asiyeweza analeta mwana-kondoo mmoja, sehemu moja ya kumi, na hua wawili au makinda mawili ya njiwa. Lakini logi ya mafuta, kipimo kidogo, ni ile ile moja kwa wote, na sikio ni lile lile.

Bandiko la 6. Mama wa Sauti ya Kwanza

Mwanangu Mungu akubariki. Mimi nimeimba kwaya miaka 30 na jambo la shangazi yako limenichoma.

Lakini naomba unijibu kwa upole. Miriamu alimsema Musa, akapigwa. Gehazi, mtumishi wa nabii Elisha, alidanganya kwa tamaa, akapigwa yeye na uzao wake. Mfalme Uzia aliingia kufukiza uvumba ambao si kazi yake, ukoma ukatokea kwenye paji la uso wake, akakaa nyumba ya pekee mpaka kufa. Huoni kwamba Biblia yenyewe inaunganisha na dhambi? Na sadaka zenyewe zinaitwa sadaka ya hatia na sadaka ya dhambi.

Bandiko la 7. Mwanafunzi wa Torati

Shikamoo mama. Swali lako ndilo gumu kuliko yote humu, sitalikwepa.

Ni kweli, hao watatu walipigwa kwa kosa. Marabi nao waliona hivyo. Katika Talmudi, mkusanyo mkubwa wa mijadala yao, kitabu cha Arakini, wameorodhesha sababu saba: ulimi mbaya, kumwaga damu, kiapo cha uongo, uzinzi, kiburi, wizi na roho ya uchoyo. Neno *metsora*, mwenye tsaraati, walilichezea wakalisoma *motsi shem ra*, anayeeneza jina baya la mtu. Wakasema ndiyo maana ndege wanaletwa: mdomo wake uliimba hovyo, basi alete viumbe wenye kupiga kelele.

Lakini mama, tazama hesabu inakwenda upande gani. Miriamu, Gehazi na Uzia: kosa lilijulikana kwanza, pigo likafuata. Hakuna mahali mtu anaanza na ngozi akarudi nyuma kutafuta kosa. Kutoka 4 mkono wa Musa unapigwa bila kosa lililotajwa. Naamani hatuambiwi alikosa nini. Wakoma wanne wa lango la Samaria, 2 Wafalme 7, ndio walioleta habari njema mjini wakati watu wanakufa njaa, na hakuna dhambi inayotajwa kuwa chanzo cha ugonjwa wao.

Sadaka ya dhambi: mwanamke aliyejifungua naye analeta (Walawi 12:6). Amekosa nini kwa kuzaa? Sadaka ile ni ya kutakasa. Ya hatia ndiyo nzito, kwa kuwa Walawi 5:15 inaihusisha na aliyekosa bila kujua katika vitu vitakatifu. Naiona hapa kama tahadhari ya mtu anayerudi hekaluni baada ya muda mrefu: kama nilikosa bila kujua, hii hapa. Anaileta mwenyewe akishapona. Hakuna aliyemtaka aungame ndipo apone.

Na hao marabi walioorodhesha sababu saba waliweka ulimi mbaya wa kwanza. Nikilisoma hilo kwa haki, aliyepaswa kutazamwa na kuhani kanisani kwetu siku ile hakuwa shangazi.

Halafu Miriamu mwenyewe: siku 7 nje, na Hesabu 12:15 inasema watu hawakusafiri mpaka aliporudishwa. Taifa zima lilimngojea.

Bandiko la 8. Fundi wa Mawe

Mimi naongea la nyumba tu. Nimesoma 14:37-45 leo wakati wa chai. Mistari ya kijani au nyekundu iliyoingia ndani ya ukuta, wanafunga siku 7, wanang'oa mawe yenye tatizo, wanakwangua ndani pote, wanatupa kifusi nje ya mji, wanaweka mawe mengine na plasta mpya. Ikirudi tena, wanabomoa. Hiyo ni kazi tunayofanya kwenye kuta zenye ukungu na unyevu. Unabandua, unaacha ikauke, unapiga upya. Hakuna fundi anayebomoa nyumba siku ya kwanza, na mwenye nyumba akikuona umekuja na nyundo kubwa siku hiyo atakufukuza, na ana haki.

Bandiko la 9. Mama wa Sauti ya Kwanza

Nimeelewa mwanangu. Sikulitazama hivyo. Shangazi yuko wapi sasa?

Bandiko la 10. Mwanafunzi wa Torati

Yuko nyumbani mama. Nikuambie tulivyofika kwenye aya yake.

Nilikwenda Jumamosi, nikamkuta uani anachambua mchele kwenye ungo. Nikakaa kwenye kigoda nikamwambia nataka kumsomea Walawi 13. Mkono ukasimama. Akasema, "Hiyo naijua." Nikamwambia kuna aya hawakuisoma siku ile.

Ni 13:38-39. Mwanamume au mwanamke akiwa na vipaku vyeupe katika ngozi, kuhani atatazama, na vikiwa vyeupe vilivyofifia, basi ni kitu kilichotokea tu katika ngozi, mtu huyo ni safi. Kiebrania kinakiita *bohaki*. Ustadhi, hili ndilo neno nililoahidi: Kiarabu kina *bahaki*, ni ndugu yake. Sheria ile ile iliyosomwa kumtenga shangazi ina aya mbili kwa ajili ya watu wenye mabaka yasiyo na neno, na inasema "au mwanamke" waziwazi.

Akaniambia, "Soma tena." Nikasoma. "Tena." Mara ya tatu akafuta vumbi la mchele kwenye kanga, akachukua kitabu, akaweka kidole chake, kile chenye ncha nyeupe, juu ya neno "safi". Akauliza ni ukurasa wa ngapi. Kisha akarudi kwenye ungo wake, akaendelea kutoa mawe.

Hajarudi kwaya. Sijamshurutisha. Waliomtenga ndio wanaotakiwa kutoka kumfuata, kama 14:3.

Bandiko la 11. Msomaji Kimya

Samahani kuingilia mada. Nasoma tu siku zote, leo nimejiunga kwa sababu ya uzi huu. Nina baka mgongoni karibu na bega, limefifia kuliko ngozi, kama miezi minane sasa. Haliwashi. Mke wangu alinigusa na sindano akishona kifungo, sikuhisi. Nimeogopa kumwambia mtu. Ni hilo la Walawi?

Bandiko la 12. Mwanafunzi wa Torati

Asante kwa kusema, ndugu yangu. La Walawi tuliache pembeni, hili nenda nalo hospitali, tena kesho asubuhi, usisubiri wiki.

Mimi si daktari, lakini baka lililofifia ambalo halihisi kuguswa ni dalili ambayo wahudumu wa afya wanataka kuiona mapema, kwa sababu inaweza kuwa ukoma wenyewe. Ukiwa ndio, unatibika kabisa. Dawa mseto hutolewa bure, Shirika la Afya Duniani limekuwa likizitoa hivyo tangu 1995. Matibabu ni miezi 6 kwa mabaka machache au 12 yakiwa mengi, unameza nyumbani, unalala na mkeo na kula na wanao. Ukishaanza dawa huambukizi. Kinacholeta ulemavu ni kuchelewa, neva zikishakufa hazirudi.

Ukifika dirishani sema hivi hivi ulivyoandika hapa: baka, miezi minane, halihisi sindano. Watataka kukagua na watu wa nyumbani, usishtuke, ni kwa faida yao. Nenda na mkeo, yeye ameshaona. Ukipenda mtu wa kukusindikiza, niandikie faraghani niambie uko mkoa gani.